Mwanzi kwenye Bawa la Mjomba Zuberi

Harufu ya rangi ya kucha hunipeleka mbali. Wenzangu wakiingia saluni hujiachia, hunyoosha vidole na kuanza kusengenya. Mimi kichupa kikifunguliwa tu, nimeshaondoka. Dada wa saluni huniuliza mara mbili tatu nataka rangi gani nami simsikii, maana wakati huo niko Bigwa, barazani kwa bibi yangu mzaa mama, nimekaa chini ya bawa la ndege.

Ni bawa la ndege hasa, ya kurukia watu. Lililazwa juu ya magogo kuanzia mlango wa sebule hadi karibu na banda la mbuzi, na mgeni aliyetaka kuingia ndani ilimbidi ainame kama mkwe mpya. Dawa aliyokuwa akiipaka mjomba wangu juu ya kitambaa cha bawa, ili kikauke na kukaza kama ngozi ya ngoma, ilinuka vilevile kama rangi ya kucha, isipokuwa yeye aliipaka kwa ndoo. Nyumba nzima ilinuka. Ugali ulinuka, maji ya mtungi yalinuka, na Bibi aliapa kwamba hata mayai ya kuku wake yalikuwa na ladha ya bawa.

Mwenye bawa alikuwa Mjomba Zuberi, kaka wa mama yangu. Nyinyi mliokulia kwingine huenda mnamjua mjomba kama ndugu wa kuja na zawadi wakati wa sikukuu kisha akaondoka. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa kwanza jambo likitokea. Baba yangu, mtu mpole aliyekuwa akifanya kazi Mzumbe, alilijua hilo na hakuwahi kugombana nalo. Shule zikifungwa alinipandisha gari na begi langu, akaniambia, "Haya Tunu, nenda kwa wenyewe."

Wenyewe walikuwa wawili tu, Mjomba na mama yake, Bibi Mwanahawa, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa amri. Mjomba alikuwa rubani wa jeshi mstaafu, mtu aliyewahi kuamrisha wanaume wenye ndevu, lakini Bibi akimwambia aondoe viatu mlangoni aliviondoa, na akimwambia avirudishe alivirudisha.

Habari za maisha yake nilizipata kidogo kidogo, nikimshikia ndoo ya dawa wakati anapaka. Alizaliwa juu kidogo ya pale tulipokaa, kwenye mteremko, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere. Kulinda mahindi ni kazi ya kuangalia juu zaidi kuliko kuangalia mahindi. Aliwaona mwewe wakizunguka mbele ya mlima, wakipanda na kupanda bila kupiga bawa hata mara moja, na akajiuliza nani anawavuta. Swali hilo alikwenda nalo shuleni, akaenda nalo jeshini, likamfikisha nchi moja ya baridi ambako, kwa maneno yake, ukitema mate yanagonga chini kama kokoto.

Huko ndiko alikopewa jibu. Kabla ya kukabidhiwa injini, vijana wote walirushwa kwanza kwenye ndege zisizo na injini, glaida, ili wajifunze hewa yenyewe ilivyo. Hewa ya moto hupanda kama mvuke wa sufuria, akanieleza, na upepo ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu. Ukiijua njia yake inakubeba. Mjomba aliijua, akaipenda, kisha wakamnyang'anya, wakampa injini kubwa yenye mlio wa kupasua mbingu, akarudi nayo nyumbani akiwa afisa.

Hapo ndipo hadithi yake inapokutana na ya Bibi. Kambi yake haikuwa mbali sana na mji, na kila alipokuwa kwenye mazoezi alihakikisha anapita mbele ya mlima, juu ya Bigwa. Bibi angekuwa shambani ameinama, macho yake mabovu hayaoni zaidi ya mgomba wa tano, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Mlio ukipita alisimama, akashika kiuno, akasema, "Yupo." Kisha akaendelea kulima. Ilikuwa ndiyo salamu yao, na haikuhitaji posta.

Wakati wa vita mlio ule ulipotea. Bibi hakupenda kunisimulia miezi ile, ila mama alinisimulia: jinsi Bibi alivyokataa redio isifunguliwe ndani ya nyumba, kwamba alikuwa anasikiliza kitu kingine na redio ingemziba. Alilima kimyakimya, akavuna kimyakimya. Halafu alasiri moja, akiwa anaanua mpunga kwenye jamvi, mlima ukanguruma. Ndege ikapita chini kuliko ilivyoruhusiwa, ikainamisha bawa la huku, ikainamisha la kule. Kuku walitawanyika hadi kwa jirani na wengine hawakurudi. Bibi alikaa chini katikati ya mpunga akalia kwa sauti, na mama anasema hakuwahi kumwona akilia tena vile, hata babu alipofariki.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini Bibi hakuwa na neno baya juu ya injini. Wengine walizilalamikia, yeye alizishukuru.

Mjomba alizilipia kwa masikio. Alipostaafu na kurudi Bigwa sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa na la kulia lilisikia nusu nusu. Sisi nyumbani tulizoea kupaza sauti, hata walimu wangu Mzumbe wakawa wananiuliza kwa nini naomba kalamu kama ninayetangaza msiba. Lakini ukiziwi wenyewe hakuuona kama kitu. Kilichomsumbua kilikuwa kingine, na aliniambia mimi kabla ya watu wazima, labda kwa kuwa mtoto haoni ajabu.

"Tunu," aliniambia siku moja brashi ikiwa mkononi, "kichwani mwangu kuna injini haizimiki. Nikila inalia, nikiswali inalia, nikilala inalia. Sehemu moja tu naijua ambako itanyamaza, ni juu kule, ndani ya hii."

Hii ilikuwa glaida kuukuu yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, iliyoachwa na mzungu mmoja kwenye ghala la shamba la mkonge huko bondeni. Panya walikuwa wameila kitambaa na nyuki wamehamia kwenye mkia. Msimamizi wa shamba alitaka ghala lake, akampa Mjomba ndege kwa sharti kwamba aichukue na nyuki wake. Mjomba akaibeba vipande vipande mpaka Bigwa, akaing'oa kitambaa, akatengeneza mbavu za mbao, akaivisha upya. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Wanawake waliokuja kumsalimia Bibi walianika khanga kwenye mkia, na jogoo alikifanya kiti cha rubani kuwa chake.

Majirani nao hawakubaki nyuma. Habari ilienea kuanzia Bigwa hadi sokoni kwamba Zuberi amestaafu, jeshini wamempa ndege ya kumuaga, lakini injini wamebaki nayo, kama vile mtu anavyorudisha bunduki na magwanda. Wakaanza kuja kutoa pole. Walikuja na mikungu ya ndizi, na magimbi, wakakaa kwenye mkeka na kutikisa vichwa wakiitazama ile pua ndefu iliyochongoka pasipo kitu ndani yake. Mjomba alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, kisha akachoka akawa anaitikia tu, "Tumeshapoa." Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia asikate tamaa, kwamba serikali ina mkono mrefu na huenda ikakumbuka.

Bwana Kanji ndiye aliyewashinda wote. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini na mashine ya kusaga nyuma ya duka, na alikuwa amecheza kriketi ya mipira ya soksi na Mjomba walipokuwa wadogo. Asubuhi moja pikapu yake iliingia uani ikiwa imelala upande mmoja kwa uzito. Akashuka, akafunua turubai, na chini yake kulikuwa na injini nzima ya mashine ya kusaga, imefutwa vumbi na kupakwa rangi ya kijani.

"Bwana Zuberi," alisema, "mimi nimenunua mpya. Hii imesaga miaka mingi haijanisumbua. Kama inageuza jiwe, propela itashindwa?"

Mjomba aliitazama ile injini, akamtazama rafiki yake, akaingia ndani haraka. Nilimfuata nikamkuta amekaa kitandani mabega yanatikisika, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka huku akifuta macho. Alipotoka alimshukuru Bwana Kanji kwa heshima zote, akamwomba badala ya injini amkopeshe pikapu yenyewe, na dereva wake, kwa kuvuta kamba. Hivyo ndivyo Bwana Kanji alivyoingia katika urubani.

Mambo yakawa tayari. Wakaguzi walikuja kutoka Dar, wakagonga gonga mbao, wakaikubali ndege. Kiwanja cha zamani cha shamba la mkonge kilifyekwa, kamba ya katani nene kama mkono wangu ikasokotwa. Vibali vyote alivipata mapema kuliko kile kimoja.

Jioni moja Mjomba alivaa kanzu safi, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama yake. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, kazi imekwisha. Nimekuja kuomba radhi yako nikairushe."

"Injini iko wapi?"

"Haina injini, mama. Ndivyo ilivyo."

"Nakuuliza hivi, mwanangu." Bibi aliweka ungo chini. "Wewe ukiwa juu kule umenyamaza, mimi huku chini nitajuaje kama upo?"

Mjomba aligeuza sikio lake la kulia, nami nikamrudishia swali kwa sauti. Akajibu, "Utaniona."

"Kwa macho gani? Macho yangu yanaishia kwenye mgomba ule." Akauokota ungo wake. "Mimi nimeshakaa miezi bila kukusikia, Zuberi. Sirudii. Sina radhi ya namna hiyo."

Kwa mtu mwingine ingekuwa ni maneno ya mama mzee, asubuhi angeondoka na ndege yake. Mjomba hakuwa mtu mwingine. Ardhi tuliyokanyaga ilikuwa ya Bibi na mama zake Bibi, na radhi ya mama, alivyolelewa yeye, ndiyo iliyomrudisha kutoka vitani akiwa mzima. Aliinuka, akasema, "Nimesikia, mama," akaenda kuifunika ndege kwa turubai.

Ikapita masika yote. Sijawahi kuona mtu mkubwa akipungua kama Mjomba alivyopungua masika ile. Hakulalamika hata siku moja, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alikaa barazani mvua inanyesha, kiganja kimeziba sikio la kulia kana kwamba kelele zinatoka nje. Bibi alimpikia kila alichokipenda tangu utoto. Alikula, akashukuru, akarudi kwenye kiti. Nilikuwa nimerudi kwa likizo nyingine na niliwapenda wote wawili, hivyo nikawa na hasira na wote wawili. Mwishowe akatangaza kwamba mbao zile ni nzuri, kuziacha zioze ni israfu, na kwamba kesho fundi seremala atakuja kuipasua ndege itoke milango na kitanda.

Mnajua habari za watani. Ukoo wetu ulikuwa na utani na ukoo wa Bi Chausiku, mwanamke wa juu mlimani aliyeshuka na mboga sokoni kila siku, mwenye sauti ya kuita watu wawili kwa mara moja. Mtani kwenye msiba haruhusiwi kukaa akahuzunika. Kazi yake ni kuigiza marehemu, kudai mirathi, kulala kaburini akikataa kutoka, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Na hakuna wa kumkasirikia.

Asubuhi ya seremala Bi Chausiku aliingia uani na mkeka kichwani na shuka jeupe kwapani. Hakusalimia. Alitandika mkeka chini ya ile ndege, akaifunika pua yake kwa shuka kama sanda, akajifunga khanga kiunoni, akaangua kilio kilichotoa watu majumbani.

"Maskini mwari wetu! Kakufa hajachezwa ngoma! Kapakwa mafuta mwaka mzima, kavishwa nguo mpya, wakwe wamekuja na pikapu, halafu mama mtu kakataa mahari!"

Seremala alisimama na msumeno wake asijue akae upande wa wafiwa au wa maiti. Majirani walijaa. Bibi alitoka jikoni amekunja uso. "Chausiku, inuka hapo, mwanga wewe."

"Siinuki. Nimekuja kurithi. Mabawa nitaezekea choo, na huyu mjane," akamnyooshea Mjomba kidole, "nitamchukua akanibebee mboga, si ana nguvu na wala hasikii nikimtukana."

Watu walicheka, na nikamwona Bibi mdomo unamcheza. Bi Chausiku naye alimwona. Akaketi, akashusha sauti kidogo tu, bado kwa utani, ila macho hayakuwa ya utani.

"Mwanahawa, mtani wangu, bahili wa ukoo wa mabahili. Mbuzi wako wakienda mlimani kwenye ukungu, wewe na hayo macho yako unawaona?"

"Siwaoni."

"Sasa mbona hujawapasua ukatengenezea milango?"

"Si wana njuga shingoni."

Bi Chausiku alijilaza tena kwenye mkeka, akajifunika shuka mpaka usoni, akaendelea kuwa maiti.

Bibi aligeuza uso upande wa banda la mbuzi, mwiko bado mkononi. Kisha akamwambia seremala aende nyumbani, akaniambia mimi nichukue panga.

Tulikwenda mtoni, yeye mbele, akipapasa mianzi mmoja mmoja na kuigonga kwa ukucha. Alichagua mmoja, tukaukata. Barazani akauchonga mwenyewe, mdomo mmoja umekatwa mshazari, kando yake ufa mwembamba. Alisema walipokuwa wasichana waliifunga mianzi ya namna hiyo juu ya miti shambani ili upepo ukivuma iwatishe ngedere. Akauinua mbele ya upepo wa mlimani, nao ukalia, sauti nene, ndefu, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa kubwa. Mbuzi wote waligeuka.

"Huu," alimwambia Mjomba. "Ufunge pale kwenye ndege. Ukifika juu yangu nikusikie. Radhi yangu umeipata."

Mjomba aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza geuza kwa muda mrefu kuliko mwanzi unavyohitaji kuangaliwa. Akasema, "Ahsante, mama," akaenda kuufunga chini ya bawa la kulia, karibu kabisa na kiti cha rubani, mahali ambapo, alisema, hautaiharibia ndege mizani.

Siku ya kuruka nilitaka kwenda kiwanjani kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Bwana Kanji alikuwa amevaa tai ili kuendesha pikapu mwenyewe, dereva kamweka pembeni. Bigwa yote ilikwenda. Bibi akakataa. Alisema amemsikia mwanawe akiwa shambani miaka yote na atamsikia akiwa shambani, akachukua jembe. Nikaona aibu kumwacha peke yake, nikabaki.

Tulipalilia. Jua likapanda, ardhi ikaanza kutoa joto, na nikaona mwewe wa kwanza akianza kuzunguka mbele ya mlima. Bibi hakuinua kichwa. "Unamsikia?" aliniuliza. Sikusikia kitu ila mashine ya kusaga ya mbali na jogoo asiyejua saa. Nikasema bado. Tukamaliza tuta moja, tukaanza la pili. "Unamsikia?" Bado, Bibi. Niliona jembe lake linapiga mahali palepale, linapiga mizizi ya mahindi yake mwenyewe. Kama ndege ingeanguka bondeni tusingesikia chochote, na wote wawili tulilijua hilo.

Kisha ikaja. Kwanza ilikuwa ndogo, nikadhani ni nyuki. Ikanenepa, ikashuka, ikawa ule mlio wa chupa, mrefu usiokatika, ukitoka upande wa mlima ambako hakuna barabara wala mtu. Kivuli kikapita juu ya mahindi, juu ya mgongo wa Bibi, kikapanda migomba na kutoweka. Nikaangalia juu, na ndege nyeupe ikainamisha bawa la huku, ikainamisha la kule.

Bibi alisimama, akashika kiuno. "Yupo," alisema. Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. "Haya. Tulime."

Ikawa ndiyo desturi. Kila hewa ilipokuwa nzuri Mjomba aliruka, na kila aliporuka alipita Bigwa. Watoto wa pale walijua mwanzi ukilia ni Mjomba Zuberi. Mimi nilikua nikiamini kwamba mambo yaliisha vizuri kwa kila mtu: Bibi kapata mlio wake, Mjomba kapata anga yake, Bi Chausiku kapata mkungu wa ndizi wa kumtoa maiti mkekani. Hivyo ndivyo mtoto anavyohesabu.

Nilikuwa mwanachuo, na Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, siku Mjomba aliponiweka kwenye kiti cha nyuma. Pikapu ikavuta, ardhi ikatuachia, kamba ikadondoka, na mara mwanzi ukaanza. Jamani. Kutoka chini ulikuwa muziki. Ndani ya kile chumba kidogo ulikuwa birika lililosahauliwa jikoni, likichemka pembeni ya sikio, pembeni ya sikio lile lile moja aliloachiwa. Haukukoma hata kidogo. Nilikaa pale Uluguru yote imetandazwa chini ya miguu yangu, mito inametameta, na sikuweza kuwaza ila neno alilowahi kuniambia brashi ikiwa mkononi, kwamba anakwenda juu kutafuta kimya.

Tulipotua nilimwuliza kwa sauti yetu ya nyumbani kwa nini asiutoe. Bibi hayupo tena.

"Niliutoa," alisema. "Baada ya arobaini yake. Nikapanda bila huo mwanzi. Tunu, kilikuwepo. Kimya chenyewe. Hata ile injini ya kichwani ilizima."

"Ikawaje?"

"Nikafika juu ya Bigwa. Nikaona shamba, nikaona tuta, jembe limeegemezwa kwenye mgomba. Nikajiuliza, sasa nani anajua kama nipo?" Alipiga piga bawa kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. "Nikashuka nikaufunga tena."

Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda. Mambo hayakuwa yameishia vizuri kwa kila mtu. Mjomba alikuwa amepewa radhi kwa sharti la kuacha kile kile alichoiombea, akaupokea mwanzi kwa mikono miwili, na katika miaka yote hiyo mama yake hakujua. Sasa najua pia kwa nini aliugeuza geuza kwa muda mrefu siku ile barazani.

Wiki iliyopita nilitoka saluni moja kwa moja nikaenda Bigwa. Ndege iko bandani, kitambaa kimechanika, jogoo mwingine amerithi kiti. Mjomba haruki tena na hasikii tena kabisa. Tunaongea kwa mikono na kwa midomo, naye hunisoma vizuri kuliko watu wenye masikio. Nilipomwamkia shikamoo alikishika kiganja changu, akakivuta puani, macho yakamng'aa.

"Umepaka bawa," alisema.

Tukakaa barazani. Mwanzi ule ameutoa kwenye ndege akauning'iniza kwenye boriti, na upepo wa mchana uliposhuka kutoka mlimani ukaanza kulia, mnene, mrefu, juu ya vichwa vyetu. Mjomba aliona migomba inavyoyumba. Akanigeukia.

"Unamsikia?"

"Namsikia, Mjomba."

"Haya," alisema. "Mimina chai."